Theluthi ya Ugali

Baba alikwisha kusema hapana kabla wageni hawajafika, na aliisema akinywa chai, kwa sauti ile ile anayoombea sukari.

"Waje," alisema. "Wakae, wanywe maji, waseme ya kwao. Nitawasikiliza mpaka mwisho. Halafu nitawaambia hapana na kuwasindikiza mpaka barabarani. Sitaki kesho isemwe hapa Tunduma na ng'ambo Nakonde kwamba Mwalimu Sinkala amewanyima watu kiti."

"Na mimi je, baba? Hunisikilizi?"

"Nimekusikiliza tangu Pasaka. Kijana mpole, ana heshima, anaenda kanisani. Sijakataa. Lakini huyo ni mwalimu wa Zambia, Fausta. Akikuoa, unavuka. Ukivuka, cheti chako huko ni karatasi ya kufungia karanga. Wana vyuo vyao, wana mitihani yao, wana usajili wao. Hawatakupa darasa. Utakaa barazani unahesabu malori. Sikukusomesha ualimu uje uhesabu malori."

Ubaya wa baba yangu ni kwamba akikasirisha, mara nyingi huwa anasema kweli. Nilimpenda Gibson mpaka nikawa naona haya kulitaja jina lake mbele ya mama. Nililipenda pia darasa langu la tatu pale shuleni, watoto wangu wanaokuja na vumbi la barabara kuu mpaka kwenye kope, wanaogombania kufuta ubao. Asubuhi ile, kama mtu angenikalisha aniambie chagua, ningekaa tu. Nilikuwa sijui. Na mimi ni mtu ambaye sipendi kutojua.

Gibson Simukonda nilimfahamu mwaka uliotangulia, siku ya ujirani mwema, walimu wa upande wa pili walipokuja kututembelea. Aliomba kukaa nyuma ya darasa langu. Sasa kwetu, mtu akikaa nyuma ya darasa na kalamu mkononi, huyo ni mdhibiti ubora, au ni mkufunzi wa chuo amekuja kutoa alama, na jasho litakutoka hata kama kuna baridi ya Juni. Nilifundisha siku ile kama ninaimba kwaya ya Krismasi. Nilikuwa na zana, nilikuwa na wimbo, nilikuwa na andalio la somo lililonyooka kama reli. Kengele ilipolia nikamfuata nikingoja sifa zangu.

"Yule mtoto wa dirishani, mwenye sweta la kijani," aliniambia, "hakusema neno kipindi kizima. Lakini jibu alilipata kabla ya wote."

Basi. Kuhusu mimi, hata nusu ya neno. Wiki nzima nilimchukia kwa bidii.

Baadaye ndipo akanieleza. Kwao walimu huandaa somo pamoja, mmoja akaingia kulifundisha, wenzake wakakaa ndani kuwaangalia watoto. Wanaangaliwa watoto, si mwalimu. Halafu wote hukaa chini kusema somo limevunjika wapi, na wa kwanza kusema ni yule yule aliyelifundisha.

"Na mwalimu mwenyewe hamumwangalii kabisa?" nilimuuliza.

Aliinama, akachezea kifuniko cha kalamu. "Siku ile nilijitahidi nisikuangalie," alisema. "Ilikuwa kazi kubwa kuliko kufundisha."

Chuki yangu iliishia pale pale, na sijui ilikokwenda mpaka leo.

Walifika Jumamosi mchana, yeye na mshenga wake, Mzee Shadrack, baba yake mdogo. Kwa kuwa ni Wanyamwanga wenzetu, salamu zilikwenda kwa Kinyamwanga na zikawa ndefu, za ng'ombe, mvua na wagonjwa. Mimi nilikuwa jikoni, kama inavyotakiwa. Msichana anayeposwa hakai barazani. Lakini hakuna sheria inayosema mlango wa jikoni ufungwe, kwa hiyo niliuacha wazi kwa upana wa jicho moja. Gibson alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakosa raha. Mara moja tu alitazama upande wa mlango wangu. Mara moja ilinitosha, nikasahau nilichokuwa nakoroga.

Barazani walikuwa baba, mama, Shangazi Erica, na Mjomba Efraimu aliyetoka Iyula na mfuko wa kahawa. Mzee Shadrack alikohoa, akaanza kumnadi kijana wake.

"Mwalimu Sinkala, huyu tuliyekuletea ni hodari. Ukienda kwetu Isoka ukauliza mwalimu hodari ni nani, utaonyeshwa huyu. Hajawahi kushindwa na darasa. Hajawahi!"

"Hajawahi?" baba aliuliza.

"Hajawahi."

Baba akainuka. Ukutani pale barazani ana ubao mweusi aliouchora mwenyewe alipostaafu, anafundishia watoto wa jirani jioni. Alitoa chaki mfukoni mwa koti, maana baba hatembei bila chaki, akamkabidhi Gibson.

"Basi tufundishe. Robo moja na theluthi moja, ipi kubwa? Wanafunzi wako ni hawa. Na usituletee Kiingereza."

Mzee Shadrack alicheka akidhani ni utani. Alipoona hakuna mwenzake anayecheka, akaacha. Gibson aliishika chaki kwa mikono miwili, akashukuru, "Natotela, Tata," kama amepewa zawadi na baba yake.

Akaandika swali ubaoni, akaomba karatasi. Mama akachana kalenda ya mwaka jana. Akamgawia kila mtu tepe mbili, zote za urefu sawa.

"Shangazi," alisema, "unadhani ipi kubwa?"

"Robo," Shangazi Erica alijibu bila kusita. Shangazi aliacha shule darasa la nne, na hajawahi kusita toka hapo. "Robo ina nne, theluthi ina tatu. Nne si kubwa kuliko tatu? Hata hilo limekuleta kutoka Isoka?"

Baba akaguna kwa furaha. Nilimjua. Alikuwa anangoja kijana aseme "umekosea." Gibson hakusema.

"Nionyeshe kwa karatasi, Shangazi."

Halafu akakaa kimya. Alikaa kimya mpaka mimi jikoni nikaanza kutoka jasho kwa niaba yake. Shangazi alikunja utepe mara mbili, akapata robo nzuri kabisa. Akachukua mwingine atafute theluthi. Hapo vidole vikagoma. Karatasi inakubali kukunjwa katikati, lakini mara tatu haikubali kirahisi. Alikunja, akakunjua, akageuza, mwisho akapata kipande kimoja kipana na viwili vyembamba. Akachukua kimoja chembamba, akakiweka juu ya robo yake.

"Haya, oneni wenyewe! Theluthi ndogo. Si nilisema?"

"Robo imeshinda!" Mjomba Efraimu akapiga kofi. Mama naye akacheka, maskini, kwa kuwa wenzake wamecheka. Baba aliegemea kiti chake na uso wa mtu aliyeshiba.

Nilitamani Gibson afute ubao haraka, aandike kanuni, ajiokoe. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo. Lakini yeye aliitazama ile karatasi ya Shangazi kwa makini, akatabasamu, akaweka chaki chini.

"Somo langu limevunjika," alisema.

"Eti nini?" alisema Mzee Shadrack.

"Limevunjika hapa kwenye karatasi. Nilifikiria jibu, sikufikiria mikono ya Shangazi. Nimempa kitu kinachompeleka kwenye kosa, na amefuata vizuri kabisa kile nilichompa. Kosa ni langu."

Mzee Shadrack alimkanyaga mguu. Hakuna aliyeona ila mimi, na mguu wenyewe. Maskini mzee wa watu! Alikuwa amelipaka lile jina rangi tangu asubuhi, na mwenye jina amechukua maji anaosha.

"Kijana," baba alisema taratibu, "kwetu mwalimu hasemi hivyo mbele ya darasa. Tena mbele ya watu anaotaka wawe wakwe zake! Mimi nimefundisha Ivuna kule kwenye chumvi, nimefundisha Itaka, watoto themanini chumba kimoja. Themanini, ukiwaambia nionyesheni, utaonyeshwa mpaka usiku uingie. Mwalimu anasema, mtoto anarudia, imekwisha. Asili, ile namba ya chini, ikiwa kubwa, sehemu inakuwa ndogo. Rudieni! Na wamefaulu. Wengine leo ni madaktari."

"Ni kweli, Tata. Hata kwetu madarasa yanajaa, na kanuni hiyo ni nzuri. Ila Shangazi angeirudia vizuri, halafu moyoni angebaki anajua robo ni kubwa."

"Hapo kasema kweli," Shangazi akadakia. "Mimi shuleni nilirudia kila kitu."

Baba alimtazama dada yake kwa jicho ambalo lingemnyamazisha mtu mwingine yeyote.

"Kwetu," Gibson aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka kidogo, "somo likivunjika halitupwi. Mwenzako analichukua, analifundisha upya. Humu ndani kuna mwalimu mwingine. Tata akiruhusu."

Wote waligeuka kuutazama mlango wa jikoni. Nami niliona kitu ambacho kilikuwa mbele yangu muda wote, juu ya meza, kimefunikwa kwa kitambaa cheupe. Mama alikuwa amesonga ugali hata hivyo, sinia mbili zilizolingana, kwa sababu mama hajawahi kuamini hapana ya baba mpaka jua lizame. Nikafunua, nikabeba sinia mkono huu na huu.

Mama alinikuta mlangoni, akanishika kiwiko. "Unapeleka wapi?"

"Ni zana, mama. Ya somo."

"Zana gani wewe mtoto! Chakula cha wageni wa posa hakitoki mpaka nyumba imejibu. Ukikitoa, umewajibu ndiyo badala ya baba yako. Hujui?"

Nilijua. Kila mtoto wa kwetu anajua. Wageni wa posa hupewa kiti na maji, na chakula hubaki ndani mpaka wakubaliwe. Lakini nilikwisha kuliona somo zima kichwani, tangu mwanzo mpaka mwisho, na mwalimu akishaliona somo hawezi kuliacha.

"Nafundisha tu, mama," nilisema.

Akaniangalia usoni, kisha akaniachia kiwiko. Sijui kama alishindwa au alitaka.

Nilipotokea barazani na sinia mbili, Mjomba Efraimu alifungua kinywa akakisahau wazi. Mzee Shadrack akajiweka sawa kitini. Baba akavuta kiti chake mbele. Nilipiga goti nikasalimia, nikaweka sinia mezani mbele ya Shangazi, nikaanza moja kwa moja.

"Shangazi, ugali huu na huu unalingana?"

"Unalingana, kama mama yako hajapunja."

"Huu ni wa watu watatu. Huu ni wa watu wanne. Kila mtu apate sawa na mwenzake. Una njaa. Utakaa na nani?"

"Na watatu. Ndiyo swali hilo?"

"Kwa nini? Nne si kubwa kuliko tatu?"

Shangazi alifungua mdomo, akaufunga. Akautazama ugali wa kulia, akautazama wa kushoto. Kimya kikaja. Chuoni kwetu tulifundishwa kwamba darasa likikaa kimya mno, mwalimu amekwama, na mtathmini nyuma anapunguza alama. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Nilimtupia Gibson jicho. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Shangazi, ametulia, kama mtu mwenye hakika, na hakika ile ikanishika na mimi. Nikaungoja ule ukimya. Nilimpenda wakati ule kuliko siku yoyote, na hata hakuwa ananiangalia.

"Subiri," Shangazi alisema polepole. "Ile nne ni watu. Nne ni watu wanaokula. Wakiwa wengi, changu kinapungua." Akapiga meza. "Kumbe theluthi ndiyo kubwa! Efraimu, tulikuwa tunapiga makofi ya nini?"

Nikachukua kisu nikaukata huu mara tatu, huu mara nne, nikaweka vipande ubavu kwa ubavu wote waone. Hapo sikuweza kujizuia, nikafanya kama ninavyofanya kwa watoto wangu. Nikapiga kofi, nikaita kwa wimbo:

"Watatu wakigawana?"

"Theluthi!" akajibu Shangazi, na mama akaitikia nyuma yake.

"Wanne wakigawana?"

"Robo!"

"Ipi itakushibisha?"

"Theluthi!" Waliitikia wote, Mzee Shadrack pia, na katikati ya sauti zao nikasikia nzito moja niliyoijua tangu nikiwa mdogo. Baba alikuwa anapiga goti lake kwa kiganja na kuitikia. Alipogundua tunamsikia, akakohoa.

"Na wewe," alimgeukia Gibson ili watu wasimtazame yeye, "kwa desturi yenu, sema uliyoyaona."

"Nimeona Shangazi alipofunga mdomo, Tata. Pale ndipo alipojifunza. Mimi ningemfikisha pale halafu ningemwacha hapo. Ule wimbo ndio utakaomkumbusha kesho, na mimi wimbo sina. Sikufundishwa." Akasita. "Na nimeona Tata ameitikia."

Watu walicheka. Baba hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, mikono yangu yenye mabaki ya ugali.

"Miaka yote hii unafundisha," alisema. "Sijawahi kukuona."

"Hujawahi kuja, baba."

"Ningekujaje? Kuingia kwenye darasa la mtu ni kumkagua. Sikutaka kukukagua." Akamgeukia Gibson. "Umekiona kipaji hiki. Ukimvusha, umekizima. Sasa niambie, utasemaje?"

"Mwalimu," Mzee Shadrack akaingia kati, "mke ni wa kumfuata mumewe, hilo sote tuna..."

"Baba mdogo, samahani, hili nijibu mwenyewe." Gibson alisimama. "Awe, Tata, hapana. Simvushi. Nimeomba kuhamishwa kutoka Isoka nije Nakonde mjini. Wakinikubalia, nitapanga nyumba hapa Tunduma. Asubuhi navuka kwenda kufundisha, jioni narudi kwa mke wangu. Watu wanavuka kila siku na magunia ya mchele. Mimi nitavuka na chaki."

"Wewe ndiye uhamie kwa mke?" Mzee Shadrack alishika kichwa. "Gibson! Nyumbani watasema umeolewa!"

"Watasema, baba mdogo. Halafu watachoka."

"Na wasipokupa uhamisho?" baba aliuliza. Hakuwa anatania.

"Sijui, Tata. Sitaki kukudanganya. Nitaomba tena. Lakini sitamwambia aache darasa anifuate."

Alikuwa amekiri kushindwa mbele ya wakwe, kwa mara ya pili siku moja, na Mzee Shadrack alikuwa hana tena nguvu ya kumkanyaga. Baba akanigeukia. Niliona anataka kuuliza na anaogopa jibu, nami nilikuwa sijawahi kumwona baba akiogopa kitu.

"Na wewe, Fausta?"

"Nampenda, baba," nilisema, mbele ya wote, na wala sikuinama. "Leo asubuhi nilidhani mtanitaka nichague, na nilikuwa sijui. Sasa najua. Sivuki, na simwachi. Kama ni kungoja, nitangojea darasani kwangu, hata kama ni muda mrefu. Nikizeeka nimezeeka."

Mama alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Barabarani lori moja lilipiga honi, lingine likajibu, foleni ya mpakani ikasogea kidogo. Baba alizitazama zile sinia mbili.

"Kama hizo ni zana," alisema, "somo limekwisha. Zirudishe jikoni."

Hakuna aliyejongea. Sikuzigusa. Nilikwenda jikoni, nikajaza birika maji ya uvuguvugu, nikachukua beseni na kutundika taulo begani. Kwa kawaida huanzwa na wageni. Mimi nilipita mbele ya Mzee Shadrack, nikapita mbele ya Gibson, ambaye alikuwa ameshikilia magoti yake kama asipoyashika yatakimbia, nikaenda kupiga goti mbele ya baba. Niliweka beseni chini ya mikono yake, nikainua birika, nikangoja. Kama angeiacha mikono yake pale mapajani, mambo yote yangeishia hapo, na nisingemlaumu.

Baba aliyatazama maji, akanitazama mimi. Halafu akafungua kifungo cha mkono wa shati, wa kulia, kisha wa kushoto, akaikunja taratibu mpaka kwenye viwiko, na akainyoosha mikono yake juu ya beseni.

"Mimina, mwalimu," alisema. "Wageni wetu wana njaa."